Vikaratasi vya Alhamisi

"Soma tena hapo mwisho," Nickson alisema.

Vaileth alirudi nyuma mistari miwili. Daftari lilikuwa wazi magotini, simu mkononi, na kidole gumba chake kilikuwa kikihamisha Sehemu ya Thelathini na Moja kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo. Saa kumi kamili wasomaji wa kundi lake la WhatsApp walitakiwa wapate sehemu yao. Sasa ilikuwa saa tisa na robo.

"'Katarina akaushika mlango. Akasikia mtu anapumua upande wa pili.'"

"Halafu?"

"Halafu kesho."

"Una roho ngumu, Vai. Utaniua kabla ya ndoa."

"Subiri kama wenzako."

Nickson alicheka, akanyoosha miguu barazani. Ilikuwa Alhamisi, siku yake. Kila Alhamisi alitoka Mikumi na pikipiki, akasambaza vipuri kwenye maduka ya Kilosa, kisha akaja hapa, nyumbani kwa mama yake Vaileth, akiwa na misuko miwili ya vitunguu ya kumpa mama mkwe mtarajiwa. Walifahamiana kupitia simulizi. Mwaka jana alimwandikia ujumbe: "Dada, bodaboda wako anaongeza maji kwenye rejeta. Boxer haina rejeta." Vaileth akasahihisha, akashukuru, na shukrani ikazaa mazungumzo, mazungumzo yakazaa posa. Kanisani walikuwa wameshatangazwa mara mbili. Jumapili hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho, na ndoa ilipangwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama yake, Elizabeti, alikuwa ameingia ndani kuvitundika vitunguu. Vaileth aliweka simu chini.

"Nick."

"Naam."

"Mama amekuuliza marehemu mkeo alifariki lini, tumwombee siku hiyo. Umesema mwezi wa nane."

"Ndiyo."

"Mimi uliniambia mwezi wa tatu. Ukasema mvua ilikuwa kubwa, jeneza likakwama njiani."

Nickson alilitazama geti la miti, kisha akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeokota kitu kizuri.

"Umeona hicho? Mgane aliyesahau tarehe ya msiba wake. Hicho ni kisa, Vai. Kiweke koponi."

"Mimi nimeuliza swali."

"Maswali yako yote ni visa. Kiweke koponi, umalizie kwanza ya Katarina. Si ndiyo sheria yako?"

Ndiyo ilikuwa sheria yake, tena hakufundishwa na mtu. Miaka miwili nyuma alikuwa na simulizi tatu kwa mpigo. Akiandika moja, nyingine ilimjia kichwani inang'aa kuliko ile ya mkononi, naye akaikimbilia. Msomaji wake wa kwanza kabisa, Sikuzani wa Kimamba, alimwandikia: "Dada, umeinjika vyungu vitatu na vyote vinaungua." Vaileth alilia siku moja, siku ya pili akatafuta kopo la maziwa ya unga. Tangu hapo kila wazo jipya aliliandika kwenye kikaratasi alichokata kwenye kalenda ya zamani, akaweka tarehe, akakunja mara mbili, akatumbukiza. Kopo halifunguliwi kusomwa mpaka simulizi ya mkononi iandikwe neno MWISHO. Wazo jipya, alijiambia, ni mgeni anayebisha hodi wakati wa chakula. Ukimkimbilia, aliyeko mezani anabaki na njaa.

Akakata kikaratasi. Akaandika: *Mgane asiyejua mwezi aliofiwa.* Akakunja, akatumbukiza, akabana kifuniko.

Kifuniko kikakataa. Akabana tena kwa kiganja, kikaruka.

"Limejaa," alisema.

"Litafutie kaka yake," Nickson alisema, akainuka kuaga. Hakuwa anacheka tena.

*

Ijumaa asubuhi alinunua kopo la pili, akakaa kuhamisha nusu ya vikaratasi. Hakukusudia kuvisoma. Ila vikaratasi vilivyobanwa miezi mingi hufunguka vyenyewe vikipata nafasi, na Vaileth alikuwa mtu wa kupanga. Alijikuta ameanza kuvitenga mafungu kwenye mkeka: visa vya mashamba huku, visa vya wanafunzi huku, visa vya misiba kule.

Fungu moja lilikua kuliko mengine. Alilitazama muda mrefu ndipo akagundua kwamba hakulipanga kwa kisa. Mkono wake ulikuwa umelipanga kwa tarehe. Vyote ni vya Alhamisi.

*Mwanamume anayeishi peke yake, kola ya shati lake imepigwa pasi kwa mtindo wa mwanamke.*

*Anapiga simu ya video. Nyuma yake kuna gauni limeanikwa, bado linachuruzika.*

*Hapokei simu Jumapili. Jumapili nzima.*

*Kanisa lao linaezuliwa, kwa hiyo huko kwao hawatamtangaza. Kila mtu amekubali. Hakuna aliyekwenda kuangalia.*

*Vitunguu vimesukwa kama nywele, mwishoni vimefungwa utepe wa kitenge cha bluu. Mwanamume hasuki vitunguu.*

*Namuuliza jambo, ananiambia niliweke koponi.*

Kile cha mwisho kilikuwa cha miezi mitano iliyopita. Mwandiko ni wake. Hakukumbuka hata kukiandika.

Vaileth hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alichukua kalamu, na kando ya kila kikaratasi akaandika jibu la kumtetea mwenye kisa. Huenda kuna dobi. Huenda gauni ni la jirani. Huenda Jumapili anapumzika. Kila kikaratasi kilipata wakili wake. Alipomaliza akavisoma vyote kwa mpigo, na mawakili wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Mama," aliita. "Hivi vitunguu, Nick huwa anasema anavitoa wapi?"

Elizabeti alitokea mlangoni akipangusa mikono. "Ananunua barabarani pale Mikumi. Kwani vimeoza?"

"Hapana. Ni vizuri sana."

"Ndiyo hivyo. Aliyevisuka ana mkono mtulivu."

Siku hiyo saa kumi ilipita bila sehemu. Kundini wakaanza kuuliza. Sikuzani aliandika: "Mwandishi, umetuacha mlangoni na mtu anapumua. Kuna usalama kweli?"

Vaileth alisoma ujumbe ule mara mbili, akazima simu.

*

Jumamosi saa nne alikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, akitembea taratibu mbele ya mabanda ya wauza vitunguu. Malori ya Zambia yalipita yakitikisa maturubai. Banda la kwanza walipima kwa sado. La pili waliuza kwa neti nyekundu. La tatu, la nne, hivyo hivyo. La tano lilikuwa na fito juu, na kwenye fito vilining'inia vitunguu vilivyosukwa kama nywele, kila msuko umefungwa mwishoni na utepe wa kitenge cha bluu.

Nyuma yake alikaa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, anasuka bila kutazama vidole vyake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu mteja. Mbona umepauka hivyo? Kaa hapo kwenye gunia, gari zetu hizi zinasumbua."

Vaileth akakaa.

"Unavisuka vizuri. Wenzako sioni wakisuka."

"Wenzangu wana haraka. Mimi nilifundishwa na bibi, kwetu Malolo. Alhamisi nakwenda huko kuvichukua, siku nyingine nakaa hapa."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Naondoka alfajiri, narudi giza. Umetoka wapi mgeni?"

"Kilosa."

"Ah, basi vitunguu vyangu vinafika kwenu. Mume wangu anasambaza vipuri huko, kila wiki anabeba misuko miwili. Anasema kuna mama mmoja mjane, mteja wake, anavipenda mno."

Lori likapita. Vaileth alingoja vumbi litue. Alihesabu vitunguu vya msuko mmoja, kutoka juu mpaka kwenye utepe, akapoteza hesabu, akaanza upya.

"Huyo mjane anaitwa Elizabeti," alisema. "Ni mama yangu."

"Oo! Msalimie sana. Mwambie Mama Lightness anamshukuru."

Hapo simu ya Vaileth ikaita. Aliishika kifudifudi, lakini mwanamke alishaona jina kwenye kioo, na vidole vyake vilivyokuwa vinasuka vikasimama.

*Nickson wangu.*

"Pokea," mwanamke alisema. Sauti yake haikupanda. "Weka na sauti, nisikie."

Vaileth akaweka.

"Vai, umelala? Jana hukutuma sehemu. Watu wanakuulizia mpaka kwangu."

"Sijalala."

"Uko wapi? Mbona nasikia malori?"

Mwanamke aliziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalikuwa kwenye simu kama mtu anayetazama chungu kinachofurika.

"Nimekuja kutafuta kisa," Vaileth alisema.

Sauti ya Nickson ikashuka, ikawa ya upole kupita kiasi. "Kilosa hakuna barabara ya malori makubwa. Uko wapi?"

"Nick, mkeo aliitwa nani?"

"Tumeshaongea habari za marehemu. Kesho ni siku yetu. Usianze simulizi mpya wakati ya zamani haijaisha. Hicho kiweke..."

"Kopo limejaa," Vaileth alisema, akakata.

Mwanamke alichukua msuko aliokuwa ameuanza, akaufumua wote, kitunguu baada ya kitunguu, akavipanga chini mbele ya miguu yake.

"Naitwa Editha," alisema hatimaye. "Tulifunga ndoa kanisa lile pale, lenye bati jekundu. Linaonekana?"

"Naliona. Halijaezuliwa."

"Liezuliwe kwa nini?"

Vaileth alilitazama tena lile bati jekundu.

"Nilikufaje?" Editha aliuliza. "Nataka kujua. Aliniua kwa kitu gani?"

"Alisema uzazi."

Editha alitikisa kichwa polepole. "Lightness ana miaka sita. Nilipomzaa niliumwa kweli, siku nne. Alikaa kando ya kitanda akilia. Kumbe alikuwa anakitunga kifo changu."

"Dada Editha, mimi sikujua."

"Hukujua?"

Swali lilikuwa la kawaida, halikuwa na ukali. Ndiyo maana lilimchoma. Vaileth alitoa vikaratasi kwenye mkoba, fungu zima, akamwekea mapajani. Editha alivisoma kimoja kimoja, midomo ikicheza. Alipofika kwenye gauni lililoanikwa alitulia.

"Hili gauni ninalo. Ni la zambarau." Akamtazama. "Kwa hiyo uliniona. Tangu mwezi wa tisa ulikuwa unaniona."

"Nilikuona. Nikakuandika, nikakufunika."

"Kwa nini?"

"Nilidhani nimepata simulizi."

Editha alivikunja vikaratasi vilevile vilivyokuwa, akamrudishia.

"Kesho mnatangazwa mara ya mwisho?"

"Ndiyo. Njoo, dada. Bila wewe ni maneno yangu matupu."

"Mimi sijawahi kugombana kanisani, na sitaki mtu akatazame uso wangu siku ya aibu yangu." Akaanza kusuka tena, safari hii akitazama vidole. "Nenda. Basi la saa saba lisikuache. Yeye akirudi mchana hapa, sitaki akukute."

*

Meseji zilimkuta njiani.

"Umefika nyumbani?"

"Kesho nitakuja mapema. Tuongee kabla ya ibada."

"Usiongee na mtu yeyote."

Ya mwisho ilikuwa neno moja tu: "Vaileth." Hakuwahi kumwita kwa jina lote tangu wachumbiane.

Alipofika alimpigia Mchungaji Yeremia. Simu haikupatikana, alikuwa kwenye msiba Chanzuru. Akamweleza mama yake yote, akiwa amesimama jikoni chini ya ile misuko. Elizabeti alisikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nimekaa naye kwenye gunia moja, mama."

"Basi usihangaike kumtafuta Mchungaji kwa mlango wa nyuma. Kilichotangazwa mbele za watu kinazuiwa mbele za watu."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Halafu watakwenda kupika."

*

Nickson alikuwa getini mwa kanisa kabla ya kengele, shati jeupe, kola imenyooka. Alimwamkia Elizabeti kwa adabu zote. Elizabeti aliitikia marahaba, akapita. Vaileth akashikwa mkono.

"Nakupenda, hilo unalijua," Nickson alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya wapitao. "Kule kumekwisha siku nyingi. Tunaishi tu kama jirani na jirani. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Ulikuwa na kila Alhamisi ya kuniambia."

"Ukisimama leo, utasema nini? Wewe kazi yako ni kutunga. Nani hapa Kilosa hajui?"

"Niachie mkono."

Akauachia, kidole kimoja kimoja.

Ndani, wimbo ulikwisha, matangazo yakaanza. Kikao cha vijana. Michango ya bati. Kisha Mchungaji Yeremia akavaa miwani.

"Natangaza kwa mara ya tatu kusudio la ndoa kati ya Nickson Rafaeli, mgane, wa Mikumi, na Vaileth Samwel, msichana, wa usharika huu. Kama yupo yeyote anayejua kizuizi cha haki cha kuwafanya wawili hawa wasioane, na aseme sasa."

Kwa kawaida hapo watu hugeuka kumtafuta bibi harusi kwa macho na kutabasamu. Waligeuka. Wakamkuta amesimama.

"Mchungaji, mimi ninakijua."

Akina mama waliokuwa wakijipepea wakashusha mikono.

"Binti, jina lililosomwa ni lako."

"Ndiyo maana nimesimama. Nickson si mgane. Mkewe yuko hai. Nimemwona jana."

Mnong'ono ukapita kutoka benchi hadi benchi. Upande wa wanaume Nickson aliinuka taratibu, kofia mkononi, uso wa mtu anayewaonea watu huruma.

"Mchungaji, naomba radhi kwa niaba yake. Mwenzangu ni mwandishi, nyote mnamsoma. Ana simulizi ya Katarina haijaisha, ameanza nyingine, sasa zimechanganyika. Mimi mwenyewe nimemwambia mara nyingi apumzike."

Mtu akacheka. Wakacheka wawili, watatu, kicheko cha watu wanaotaka jambo liishe vizuri. Vaileth alifungua mkoba, akavitazama vikaratasi vyake, na kwa mara ya kwanza akaviona kama watakavyoviona wao: maneno yake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaufunga mkoba.

"Una shahidi, binti?" Mchungaji aliuliza.

"Nilimwomba aje. Hakuniahidi."

"Unaona," Nickson alisema.

"Na mimi pia ni simulizi, Baba Lightness?"

Sauti ilitoka benchi la mwisho, karibu na mlango. Editha alikuwa amekaa pale tangu mwanzo, kitenge kichwani, mtoto wa kike kamlalia mapajani, kikapu miguuni. Alivaa gauni la zambarau. Hakusimama. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa, ya zamani, akaipitisha mbele kwa mikono ya watu, mkono hadi mkono, mpaka ikafika kwa Mchungaji.

Mchungaji alikisoma cheti kile cha ndoa chote, mpaka sahihi za mashahidi. Akavua miwani.

"Nickson Rafaeli," alisema, "huyu ni nani?"

Nickson alifungua kinywa. Ndipo yule mtoto alipoamka, akamwona, akasema kwa sauti ya usingizi, "Baba, shikamoo."

Nickson hakuitikia marahaba. Akavaa kofia humohumo kanisani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Baadaye watu walisikia pikipiki ikikataa kuwaka, mara nne, kabla ya kuwaka.

*

Alasiri Elizabeti alisimama jikoni akiitazama misuko.

"Hivi nivitupe?"

"Usivitupe, mama. Havina kosa. Na mwenyewe ameleta vingine."

Editha alikunywa chai barazani. Wakati wa kuondoka alimshika Vaileth bega, akamwuliza, "Yule Katarina wako, nyuma ya mlango kuna nani?"

"Unanisoma?"

"Nickson alinitumia tangu mwanzo. Alisema kuna dada mmoja wa Kilosa ana kipaji." Akamfunga Lightness kofia. "Usiniandike kabla hujamaliza ya kwake. Na ukiniandika, gauni liwe la zambarau."

Sasa baraza lilikuwa tupu. Vaileth alikaa na daftari magotini. Kopo lilikuwa kando yake, halina kifuniko. Kifuniko alikuwa amekitupa shimoni nyuma ya choo. Fungu la Alhamisi lilikuwa mezani wazi, limewekewa jiwe lisipeperuke, na lilikuwa linamwita. Simulizi nzima ilikuwa pale, mwanzo hadi mwisho. Hakuligusa. Kundini Sikuzani alikuwa ameandika: "Mwandishi, habari za kanisani zimefika Kimamba. Pumzika. Katarina atasubiri."

Simu ikatetemeka tena. Ilikuwa namba aliyoifuta jina asubuhi.

"Usije ukathubutu kuniandika. Najua unapokaa saa tisa."

Vaileth aliusoma ujumbe mpaka mwisho. Akakata kikaratasi kwenye kalenda, akaandika Jumapili, tarehe, kisha maneno yale yale kama yalivyokuja. Hakukunja. Akaingia ndani, akampa mama yake asome, naye Elizabeti akatafuta miwani, kisha akatafuta namba ya mwenyekiti wa kitongoji.

Alirudi barazani, akainua kalamu. *Sehemu ya Thelathini na Mbili.* Mawingu yalikuwa yameshuka milimani na karatasi ilikuwa inafifia. Akaandika mstari mmoja: *Katarina hakuuliza ni nani. Aliufungua mlango wote, mpaka ukagonga ukuta,*

Akaishia kwenye mkato. Akaweka kalamu katikati ya ukurasa, akafunga daftari. Kitu kilichokuwa nyuma ya mlango alikuwa anakijua tayari, na kesho saa tisa angekiandika akiwa amekaa palepale.